Watu Ndani ya Kitabu cha Mkutubi

Karani wa kijiji alipomjia mkutubi wetu na fomu akamuuliza alizaliwa wapi na baba yake ni nani, alimjibu, "Andika Pwani, inatosha." Karani alikuwa mtu mtiifu. Akaandika "Pwani" katika nafasi zote mbili, na kwa miaka mingi, kwenye daftari la kijiji chetu, yeye alikuwa binti Pwani aliyezaliwa Pwani. Mimi nami siongezi kitu. Watu wanaotaka ukoo wa mtu kabla hawajamjua mtu mwenyewe wamenichosha, na hapa nataka kumsimulia yeye, si wajomba zake.

Tulimwita Mkutubi. Alifika Endamarariek miaka ya sabini, serikali ilipokuwa imetutoa kwenye maboma yetu ya vilimani na kutupanga kando ya barabara kama viazi vya mnadani. Kila kijiji, tuliambiwa, kitakuwa na shule, zahanati na maktaba. Zahanati ilichelewa sana. Maktaba ilikuja mapema, katika masanduku manne nyuma ya Landrova, na juu ya masanduku hayo alikaa mwanamke mfupi aliyejifunga khanga mbili juu ya sweta la kiume la kijani. Miguuni alikuwa na buti za mpira. Alishuka, akaangalia ukungu uliokuwa ukiteremka kutoka msitu wa Ngorongoro, akasema kwa sauti ya mtu aliyetukanwa, "Baridi ya kwenu ina makusudi."

Alipewa chumba kilichokuwa stoo ya mbegu. Hata baada ya kukipiga chokaa mara tatu kilinuka dawa ya mahindi, nasi wanafunzi wake wa zamani mpaka leo tukifungua kitabu tunategemea harufu ile. Vitabu vyenyewe vingi vilikuwa vya mbolea, vya kufuga nyuki na vya siasa. Hadithi zilikuwa chache, zimechakaa, na zilikuwa na foleni.

Alikuwa mkali, sitamsingizia upole. Ukikunja pembe ya ukurasa alikutuma kisimani ukanawe mikono, kisha ukaukunjue ukurasa ule mbele ya watu wote. Ukichelewesha kitabu, faini yake haikuwa senti. Ulikaa kwenye benchi lake ukamsimulia hadithi moja uliyoisikia kwa bibi yako, na hukuondoka mpaka aridhike. Tena ulisimulia mchana kweupe, ingawa pwani na bara wote wanasema anayesimulia hadithi mchana ataota pembe. Mama yangu alimwonya. Mkutubi akavua mtandio, akajipapasa kichwani, akasema, "Bado. Zikiota nitakuita uje uning'olee."

Mimi nilichelewesha kitabu cha nyuki kwa mwezi mzima. Nikamlipa kwa habari za netlangw, roho wa mtoni, ambao bibi yangu alisema wanakaa kwenye chemchemi na hawapendi mtu apige kelele akichota maji. Mkutubi alisikiliza akiwa ameacha mdomo wazi. Nilipomaliza aliniuliza, "Wanavuta watu chini?" Nikasema ndiyo, wakikasirika. Akapiga paja lake. "Kwetu yuko chunusi. Naye huvuta watu chini. Sasa niambie, hawa wanajuana au hawajuani?"

Nilikuwa na miaka kumi na miwili na hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza swali ambalo yeye mwenyewe hakuwa na jibu lake. Nilimpenda tangu siku ile, na sioni haya kulisema.

Basi swali hilo likawa kitabu. Alikuwa akiandika riwaya ya zamani, ya enzi za misafara iliyotoka Pangani kwenda bara kutafuta pembe za ndovu. Mpagazi mmoja anaugua, wenzake wanamwacha kwenye miinuko ya huku kwetu, na Wairaqw, ndio sisi, wanamwokota. Kila akisikia mto usiku anaamini kuwa chunusi wa baharini amemfuata mpaka milimani. Mwanamke anayemuuguza anamwambia, huyo si wa kwenu, huyo ni wa hapa, alikuwepo kabla yako, msalimie. Ndiyo riwaya yenyewe, mtu wa pwani anajifunza kusalimia maji ya watu wengine.

Aliiandika popote palipokuwa na weupe. Na hapa lazima niseme jambo ambalo lingemtia aibu, ingawa sidhani. Yeye, mwenye kutuadhibu kwa pembe ya ukurasa, alikuwa akichana kurasa tupu za mwisho wa vitabu vya maktaba ili apate pa kuandikia. Nilimkuta na wembe mkononi na kitabu cha mbolea mapajani. Hakuficha. "Ukurasa huu ulikuwa umekaa bure," alisema. "Mimi nimeupa kazi. Wewe ukikunja, unaupa kilema." Nimefikiria sana tofauti hiyo na bado sijaridhika nayo.

Hakuwa mtu wa upande mmoja. Alikuwa Mwislamu pekee kijijini, na mwezi wa Ramadhani majirani walikuja adhuhuri na makande ya moto kwa huruma, wakidhani kutokula kwake ni ugonjwa wa mwaka uliopita umemrudia. Alisema mashetani ni porojo za watu waliokosa kazi, lakini hakuvuka kijito hata cha kuruka bila kusema bismillahi. Aliwalaumu watu wa huku kwa kula mbaazi bila nazi, kisha alipotembelewa na dada yake akamlisha mbaazi zetu siku nne mfululizo akimwambia kwamba huko pwani wanaharibu ladha. Methali zake za baharini hazikutufaa kitu. "Mwenda tezi na omo," alimwambia mama yangu walipokuwa wakipukuchua mahindi, "marejeo ni ngamani." Mama akauliza kama huko Ngamani ni mbali na Mbulu.

Katekista alimwombea hadharani. Mkutubi akamtumia shukrani na kumwomba aendelee. Katibu kata hakuridhika na maombi. Alikuja mwenyewe, na viatu vyenye rangi, maktaba ikiwa imejaa.

"Ndugu Mkutubi, tumepata taarifa kwamba unawafundisha watoto mambo ya mashetani."

"Siwafundishi, Ndugu Katibu. Wananifundisha."

"Wananchi wanahitaji vitabu vya maendeleo."

"Hivi hapa. Hiki cha mbolea kina miaka miwili hapa na jina lako halimo kwenye kadi."

Watu wakacheka, na hilo ndilo lililomponza. Katibu akaweka kufuli mlangoni, akaondoka na ufunguo. Kesho yake Mkutubi alifika saa mbili kamili kama kawaida, akakaa kizingitini na buti zake, akatangaza kwamba leo vitabu vimefungwa ila midomo haijafungwa. Aliyetaka kuazima aliazima hadithi, na masharti yalikuwa yale yale, uirudishe baada ya wiki mbili bila kuikunja. Kufuli ilikaa siku tisa. Siku ya kumi Katibu alipita akamkuta mke wake amekaa pale chini na mtoto mgongoni, anasimulia. Ufunguo ukarudi jioni ile ile. Wengine wanasema Mkutubi alikuwa na bahati. Bahati gani ya kukaa siku tisa kwenye upepo ule?

Lakini na yeye alikosea, na kosa lake lilikuwa kubwa kuliko la Katibu.

Kilele cha riwaya yake kilikuwa pale wazee wanapomkubali yule mpagazi awe mtu wao. Wanamsomea slufay, sala ya kimila ya Wairaqw, ndefu, ya kuombea nchi, mvua, ng'ombe na watoto. Kijijini kwetu ilikuwa ikiongozwa na mzee mmoja ambaye wote tulimwita Ako, yaani babu. Mkutubi alikuwa ameisikia mara moja kwenye baraza la kuombea mvua. Alisimama karibu na Ako, akanasa kila neno lake, maana alikuwa na masikio ya ajabu. Ule mnong'ono wa watu waliokaa, baada ya kila mstari, aliuchukua kuwa ni kelele za watu tu, hakuuandika.

Alitusomea sura ile Jumapili moja mchana, nje ya maktaba, watu wametoka kanisani, wengine wana kata zao za pombe. Ako alikaa mbele. Mkutubi akasoma: "Nchi yetu na iwe tamu. Jua mama yetu na atuangalie kwa uso mzuri. Mgonjwa wetu na ainuke." Alisoma vizuri sana. Kadiri alivyosoma ndivyo watu walivyozidi kuinamisha vichwa, na mimi mjinga nikadhani ni uzuri wa maneno. Ako akasimama kabla hajamaliza.

"Mama, mimi umeniweka wapi?"

"Kwenye kitabu, Ako."

"Hapana. Umeniweka porini." Alisema polepole, Kiswahili chake kikipanda na kushuka Kiiraqw. "Mtu anasema maneno hayo, hakuna wa kumwitikia. Huyo kwetu ni nani? Ni yule majirani wamemtenga. Anasimama mpakani, anasema, kimya. Anasema tena, kimya. Ndiyo anajua hana watu. Mimi umri huu nimekosa nini, hata unitenge?"

Mtu aliyetengwa na majirani, kwa wazee wetu, hakuwashiwa moto wala kusaidiwa kuzika. Mkutubi alikuwa amemfanyia hivyo mzee wa watu mbele ya wajukuu zake, kwa karatasi.

"Choma," Ako akasema.

"Sichomi."

Mama yangu alinishika mkono kana kwamba mimi ndiye niliyesema. Mkutubi hakuangalia chini.

"Sichomi, Ako. Nimekukosea, na kosa nitalitengeneza mpaka uridhike, lakini kuchoma sichomi. Mimi kwetu hata hadithi ya sungura haianzi mpaka waliokaa waitikie. Nikisema paukwa nisisikie pakawa, nafunga mdomo wangu. Hili nililijua kabla sijaota meno, na bado nimekuja kwenu nikasikia sauti ya mmoja nikadhani ndiyo sala. Aibu ni yangu. Nipe muda."

Ako hakumpa muda wala hakumnyima. Aliondoka tu na fimbo yake.

Mkutubi alijichukulia muda mwenyewe, miaka miwili. Kila siku isiyo ya kazi alikwenda kutafuta wale waliokuwa wakiitikia, maana aligundua upesi kwamba majibu hayafanani. Yapo ya kurudia neno la mwisho, yapo ya kukubali, na yapo mahali ambapo watu huguna tu pamoja, na mguno huo nao una mahali pake. Kule kijiji cha Daa mzee mmoja alimkatalia siku tatu. Siku ya nne alimkuta anapura maharage, Mkutubi akachukua fimbo naye akapura mpaka jua likazama bila kuuliza kitu, ndipo mzee akaanza kuguna mwenyewe. Mkutubi alirudi viganja vimechubuka, amefurahi kama aliyeoa.

Sura ile ikawa kurasa kumi na tatu. Alipoisoma tena mahali pale pale, Ako alikaa nyuma, karibu na njia, tayari kuondoka. Mkutubi akasoma mstari wa kwanza wa kiongozi. Alikuwa amefungua mdomo asome jibu, lakini hakuwahi. Watu walijibu wenyewe. Akasoma wa pili, wakajibu, na jibu likawa lile lile aliloandika, neno kwa neno, mpaka akaacha kuangalia karatasi na machozi yakawa yanamtoka anasoma tu. Katekista naye aliitikia, nilimwona. Walipofika mwisho Ako alikunywa pombe yake, akajifuta mdomo.

"Sasa ni watu," akasema.

Ningependa kuishia hapo, maana baada ya hapo naingia mimi.

Nilimaliza sekondari, nikapata kazi Dar es Salaam kwenye nyumba moja ya kuchapa vitabu, kwanza mpiga chapa, halafu mhariri msaidizi. Nilikuwa na meza yangu na penseli yangu na nilijiona. Ndipo muswada wa Mkutubi ukafika kwa posta, umefungwa kwa mkanda wa baiskeli. Mkuu wangu aliupenda. Alisema hajapata kuona pwani na bara zikikutana hivyo, lakini karatasi ilikuwa adimu miaka ile kuliko sukari, na kitabu kilikuwa kirefu. "Hii sura ya sala," alisema, "nusu nzima ni watu wanaorudia rudia. Nipendekezee pa kukata."

Nami nikamchorea. Nilipitisha penseli juu ya majibu yote, ukurasa baada ya ukurasa, kwa rula, nikabakiza maneno ya kiongozi peke yake. Sikusahau. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba sikusahau hata kidogo. Nilikuwepo siku ile ya kwanza, nilimwona Ako akisimama. Lakini nilitaka kuonekana mhariri anayejua kazi, si msichana wa Endamarariek anayetetea mambo ya kwao, na nilijiambia kwamba kitabu kilichokatwa ni bora kuliko kitabu ambacho hakipo.

Nikatumwa na barua ya makubaliano. Mwandishi akubali makato, atie saini, kitabu kiingie mtamboni. Nilipanda basi mpaka Arusha, basi jingine mpaka Karatu, na kutoka hapo lori la ngano. Maktaba ilikuwa imekwisha kufungwa, vitabu vimerudishwa wilayani au vimeliwa na mchwa, lakini yeye hakuondoka. Alikuwa na kibanda na shamba dogo la mbaazi. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia.

"Shikamoo, Mkutubi."

"Marahaba, mwanangu. Dar imekunyonya, umekonda."

Alinipa chai ya tangawizi. Aliniambia Ako amefariki, amezikwa vizuri, kijiji kizima kilikwenda. Nilimpa muswada na barua. Akaupeleka muswada dirishani, akaushikilia karibu na uso, akageuza kurasa kumi na tatu moja moja.

"Nani kachora?"

"Ofisi."

"Ofisi haina mkono."

"Mimi."

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Alinirudishia karatasi, akakaa kitini, akaweka mikono mapajani. "Macho yangu mabovu. Nisomee ulivyopendekeza."

"Nchi yetu na iwe tamu," nikasoma.

Kimya. Nje jirani alikuwa akipalilia, jembe likagonga jiwe.

"Jua mama yetu na atuangalie kwa uso mzuri."

Alikuwa ananitazama, na midomo yake imefungwa.

"Mgonjwa wetu na ainuke."

Sijui nilitegemea nini. Nilijua majibu yote, koo langu lenyewe lilitaka kuyatoa, na mbele yangu alikaa mtu aliyeyajua kuliko mimi na hakunipa hata mguno. Mstari wa nne sauti yangu ilikuwa si yangu tena.

"Endelea."

"Siwezi."

"Huwezi nini? Si maneno yapo yote ya muhimu?"

"Siwezi, mama."

"Basi unataka nimfanyie hivyo Ako, na sasa hawezi hata kusimama akaniuliza?" Alichukua barua, akaikunja mara mbili, akaniwekea mkononi. Saini hakutia. "Waambie sikati mtu. Watu hawa walinipokea mimi na buti zangu. Kitabu kikikosa karatasi ya kuwatosha wote, kikae sandukuni kioze na watu wake. Kunywa chai, inapoa."

Nilikunywa. Ilikuwa imeshapoa.

Dar, mkuu wangu aliniuliza kama amesaini. Nikamwambia hakusaini. Akaguna, akasema huyo mama ni mkaidi, tutamrudishia tu, na kwa kumbukumbu za ofisi niandike mimi kama mhariri napendekeza nini. Nikavuta kiti mezani kwake, nikatoa kifutio, nikaanza kufuta mistari yangu. Alidhani natania. Nilifuta kurasa zote kumi na tatu mbele yake, taratibu, nikipuliza vumbi la penseli, mpaka jibu la mwisho likasomeka.

Hakikuchapwa. Muswada ulirudi Endamarariek kwa posta ukiwa na watu wote ndani.